Jina la Kumi na Moja

Makongeni, Thika
2 Septemba 1957

Kwa dada Nekoye,

Pokea salamu za nyumba yangu yote, mimi na Benta na hawa watoto wanaonivuta mkono nikiandika. Tu wazima, ila Benta ana kikohozi kisichotaka kwisha. Natumaini wewe na shemeji Gerishon na mtoto Simiyu mna nguvu huko Ruiru. Benta anauliza kama meno yameanza kutoka.

Habari za huku ni za furaha. Jumamosi timu yetu ya kiwanda imechukua kombe la wilaya. Tulikuwa mbele kwa bao moja, na karibu na kwisha refa akawapa wenzetu penalti. Mimi kapteni mzima nikafumba macho. Nilipofumbua, Opiyo alikuwa ameulalia mpira. Unamkumbuka Opiyo, yule Mjaluo mwenzangu mwembamba aliyeingia golini baada ya marehemu kaka yako Dismas. Watu walimbeba mabegani, lakini hakucheka hata kidogo. Walipomshusha alikwenda kukaa peke yake katika chumba cha jezi.

Baadaye akaja Bwana Gichuru, karani wa huko kwenu anayeangalia mambo ya wafanyakazi. Alileta kalamu ya wino mweusi akataka wote kumi na mmoja tutie sahihi kwenye mpira wa fainali. Utapigwa mnada katika holi ya Ruiru, pamoja na vitu vingine vya wachezaji, na pesa zitanunua vyuma vya miguu vya watoto waliopooza katika ule ugonjwa wa mwaka huu. Nilitia sahihi yangu kwanza, nikaupitisha, nikaitwa nje kusalimia wakubwa.

Dada, sikusahau. Ni karibu miaka mitatu sasa tangu nguo za Dismas zikutwe kando ya mto Chania, zimekunjwa vizuri, na mwenyewe hayupo. Nilipolishika kombe nilimtafuta kwa macho kabla ya kukumbuka.

Kama utakuwa holini siku ya mnada, utuangalizie mpira wetu unakwenda kwa nani.

Ni mimi kaka yako,
Erastus Odhiambo

* * *

Kambini, Ruiru
16 Septemba 1957

Kaka Erastus,

Nakusalimu wewe na Benta. Mwambie anywe maji moto yenye tangawizi. Mwili wangu ni mzima, lakini tangu Jumamosi sijapata usingizi, ndiyo maana mwandiko umepinda hivi.

Siku ya mnada nilikuwa holini, akina mama wa kambi ya shamba tuliombwa kugawa chai. Mbele walikaa Wazungu wa mashamba na mabibi zao, nyuma yao Wahindi wa maduka, halafu sisi. Kando ya meza waliketishwa watoto watatu waliopooza, ili tuone pesa zinakokwenda. Waliuza kwanza glavu za bondia mmoja wa Nairobi, ameziandika jina lake kwenye kidole gumba, watu wakapandishiana bei huku wakicheka. Kisha Bwana Gichuru akauinua mpira wenu kwa mikono miwili.

"Mabingwa wa wilaya!" akasema. "Na kila mmoja ameandika kwa mkono wake mwenyewe!"

Akaanza kusoma majina akiuzungusha polepole. Watu wa Thika waliokuja na lori wakawa wanapiga makofi kwa kila jina. "Erastus Odhiambo, kapteni!" Makofi. "Kaleli!" Makofi. Nami nilikuwa namimina chai, natabasamu.

"Dismas Simiyu!"

Makofi hayakuja. Watu wa Thika wote walinyamaza, ndipo nikajua sikusikia vibaya. Birika lilinitoka mkononi. Nilipiga kelele, na waliokuwa karibu wakadhani ni kwa ajili ya mguu ulioungua. Bwana Gichuru hamjui kaka yangu, yeye aliendelea tu na jina lililofuata. Mpira ulinunuliwa na Bwana Velji, mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni.

Niambie ukweli, Erastus. Kaka yangu yu hai? Alikuja lini kwenu kuandika? Kama anajificha kwa sababu ya serikali, au ya mwanamke, sitauliza. Lakini unajua sisi nyumbani Kimilili tulizika mgomba. Maiti haikuonekana, basi tukachimba kaburi la mtu mzima, tukalaza shina la mgomba ndani tukalivisha shati lake, na mama yetu, Mayi, akalilia kama mwili. Halafu mwanangu nikampa jina lake. Alipozaliwa alilia bila kunyamaza tukimtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na tulipofika Simiyu akanyamaza papo hapo. Sasa kama mwenye jina yu hai, nani aliyemnyamazisha?

Nijibu upesi.

Dada yako,
Nekoye

* * *

Makongeni, Thika
21 Septemba 1957

Dada Nekoye,

Salamu kwako na kwa Gerishon. Pole kwa mguu. Pakaa asali ukiipata.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mbele ya Mungu, Dismas sijamwona tangu siku ile ya Novemba alipotoka nyumbani asubuhi asirudi. Katika chumba cha jezi tulikuwa wachezaji kumi na mmoja na karani, hakuna mwingine.

Nimezunguka kwa wenzangu. Kaleli anasema aliandika akampa aliye karibu naye, hakuangalia. Mwingine alikuwa akifunga viatu. Hakuna aliyeuangalia mpira mpaka mwisho. Lakini waliokuwa holini wote wanakiri walisikia kama ulivyosikia wewe, na wakati wa kurudi Thika hakuna aliyefungua mdomo ndani ya lori. Wawili kati yao sasa hawataki kuingia chumba cha jezi peke yao. Mchana, dada. Watu wazima.

Tafadhali nenda kwa huyo Mhindi, umwombe kwa heshima akuonyeshe. Hesabu majina, uone la nani limekosekana. Kisha tazama mwandiko. Wewe unaujua mkono wake kuliko sisi sote.

Usimwandikie mama kwanza.

Kaka yako,
Erastus

* * *

Kambini, Ruiru
8 Oktoba 1957

Kaka Erastus,

Habari za nyumbani kwako? Sisi tunaendelea, ila mtoto ana joto linalokuja na kuondoka, na daktari wa shamba haoni kitu.

Nilikwenda kwa Bwana Velji. Nilikawia kwa sababu mara mbili nilifika mlangoni nikarudi. Mpira ameuweka ndani ya kabati la kioo, katikati ya majora ya vitambaa. Nilipomwambia mimi ni nani alifunga duka, akanipa kiti, akauweka mapajani mwangu kama anavyopewa mtu mtoto.

Ni mwandiko wake. Nimeutazama mara tatu, ni wake. Ile S ya Simiyu yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote, kama mtu anayelitandikia mkeka. Mwalimu wetu alikuwa akimchapa kwa ajili ya mkia ule, na yeye hakuuacha. Niliupitisha kidole. Wino umeingia kwenye ngozi vizuri, umeandikwa bila haraka.

Majina ni kumi na moja. Lililokosekana ni la Opiyo.

Bwana Velji aliniuliza, "Mama, watu wanasema huyu ndugu yako alikufa. Ni kweli?"

Nikamwambia, "Sijui tena."

Akasema, "Mimi nilinunua kwa ajili ya wale watoto. Sasa watu wanakuja kusoma jina, hawanunui kitambaa. Mke wangu hapiti mbele ya kabati hili bila kujifunika."

Kaka, mama ameshajua. Sikumwandikia mimi. Dereva mmoja rafiki ya Gerishon alipita Kimilili akalisimulia jambo hili kama hadithi ya kuchekesha. Mayi ametuma neno kwamba tangu aliposikia hafungi mlango kwa komeo, na kila jioni anaweka chakula cha mtu mmoja zaidi. Amewaambia wazee wafukue ule mgomba. Anasema tumemfukia mtu aliye hai na ndiyo sababu mtoto wangu ana joto. Wazee wamekataa. Hawasemeshani naye.

Muulize Opiyo. Muulize alikuwa wapi kalamu ilipofika kwake.

Dada yako,
Nekoye

* * *

Makongeni, Thika
15 Oktoba 1957

Dada Nekoye,

Salamu. Benta amepona kikohozi, asante kwa dawa.

Nilimuuliza. Nilimkuta bombani anachota maji. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Opiyo, jina lako haliko kwenye mpira." Akaweka ndoo chini. Akasema, "Niliandika nilichoandika." Nikamwambia, "Dada yake Dismas halali." Basi aliiacha ndoo pale pale bombani akaenda zake, na mazoezini hajaja tena. Kiwandani tunaonana kwa mbali. Amekonda.

Siwezi kumlazimisha mtu kwa ngumi. Nipe muda.

Huku uvumi umekuwa mwingi. Mmoja anasema Dismas ameonekana njia ya Witeithie akisukuma baiskeli. Mwingine anasema ameonekana golini wakati wa mvua. Usiwasikilize. Nakuambia hivyo, na mimi mwenyewe nikipita karibu na uwanja natazama golini.

Kaka yako,
Erastus

* * *

Kambini, Ruiru
4 Novemba 1957

Kaka Erastus,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mtoto ni vile vile.

Nakuandikia mambo mawili. La kwanza, Bwana Velji ameurudisha mpira kwa Bwana Gichuru. Hakutaka kurudishiwa pesa zake, alisema hizo ni za watoto na zibaki. Alisema tu hawezi kukaa na jina la mtu ambaye hajulikani yuko upande gani. Bwana Gichuru ameamua utapigwa mnada tena, safari hii huko kwenu Thika, maana vyuma vya miguu bado havijatosha na watoto wameongezeka.

La pili, Mayi anakuja. Ameuza ndama wake. Amenunua shati jipya, jeupe, la saizi ya Dismas, analileta ili amvishe. Maneno hayo nimeyasoma kwenye barua aliyoandikiwa na mwalimu, na mwalimu mwenyewe ameongeza chini kwa penseli, "Dada, mtayarisheni."

Nimtayarishe na nini? Erastus, nakuomba. Kama Opiyo anajua kitu, hata kiwe kibaya namna gani, nikipate kabla Mayi hajashuka kwenye gari la moshi.

Dada yako,
Nekoye

* * *

Makongeni, Thika
25 Novemba 1957

Dada yangu Nekoye,

Barua hii sikuitia posta. Nimempa Gerishon mkononi alipopita na lori, naye nimemwambia akupe ukiwa umekaa. Salamu zangu leo ni hizo tu.

Mnada ulikuwa juzi alasiri. Holi ilijaa kuliko siku nyingine yoyote, lakini watu walikuja kutazama, si kununua. Bwana Gichuru aliinua mpira, na safari hii hakusoma majina. Akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akaipunguza. Kimya. Wazungu walitazamana, mmoja akacheka kidogo akaacha. Wale watoto walikuwa pale mbele, na mmoja, msichana mwenye fimbo mbili, alikuwa akimtazama Bwana Gichuru kana kwamba asiyetakiwa ni yeye mwenyewe, si mpira. Nilitaka kuinua mkono, dada. Mkono ulikataa.

Ndipo nyuma kabisa mtu akasema, "Mimi."

Alikuwa Opiyo, amevaa nguo za kazi. Akataja mshahara wake wa mwezi mzima. Bwana Gichuru akamuuliza kama anaelewa anachosema. Akajibu, "Naelewa. Ni wangu." Akaenda mbele akaupokea, akaufunika kwa koti, akatoka. Nikamfuata.

Tulikaa nyuma ya kibanda cha nyavu. Akaniambia yote, nami nakuandikia kama alivyoniambia.

Unamkumbuka Gathogo, winga wetu wa kulia, yule Mkikuyu mchekeshaji. Novemba ya mwaka ule alinyang'anywa ruhusa ya kukaa Thika, kama Wakikuyu wengi wakati huu wa hali ya hatari. Alipata habari kwamba watakuja kumchukua, naye mama yake alikuwa mgonjwa ng'ambo ya Chania, upande wa Fort Hall. Darajani palikuwa na askari. Akawaambia wawili tu, Dismas na Opiyo. Dismas akasema, "Mimi nimekulia karibu na mto Nzoia. Maji nayajua." Walichukua kamba ya nyavu za goli. Kulipopambazuka, ukungu bado umelala, walifika mahali mto unapojipinda chini ya maporomoko. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima.

Dismas alivua nguo, akazikunja. Alijifunga kamba kiunoni, Opiyo akashika upande wa pili ameuzungusha mtini. Gathogo akamshika Dismas shingoni. Walivuka, dada. Alimfikisha. Opiyo aliwaona ng'ambo, Dismas akimpigapiga mgongoni atapike maji. Kisha akageuka kurudi. Alikuwa katikati gogo liliposhuka na mafuriko.

Opiyo alisema, "Kamba ikawa nyepesi mkononi." Alilirudia neno hilo mara nyingi. 

Gathogo alitaka kurudi majini. Opiyo akamfanyia ishara ya mkono, kimbia, kimbia, ili isiwe bure. Hata hivyo askari walimkamata kwa mama yake kabla ya Krismasi wakampeleka kambi ya kizuizini, na ametoka mwaka huu tu. Opiyo angesema nini kwa polisi? Walikuwa wakifanya nini mtoni wakati ule? Wangemfuata Gathogo wamnyonge, na pengine yeye pia. Akanyamaza. Akaziacha nguo pale zionekane, watu wadhani alikuwa akioga.

Nikamuuliza, "Na jina?"

Akasema, "Nilipodaka ile penalti sikuiona mikono yangu. Niliona yake. Halafu mnaniletea kalamu niandike Opiyo, kana kwamba ni mimi. Kuandika kwenyewe alinifundisha yeye. Nilikuja Thika sijui herufi. Neno la kwanza nililoandika maishani lilikuwa jina lake, kwa kufuatisha chini ya lake, mkia na yote. Sikutaka kumdanganya mtu. Sikujua dada yake atakuwa holini."

Sikumpiga. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga.

Gathogo amempa ruhusa ya kusema. Mama akifika, Opiyo yuko tayari kusimama mbele yake.

Kaka yako,
Erastus

* * *

Kambini, Ruiru
27 Novemba 1957

Erastus,

Nimeisoma. Usiniandikie kwanza. Usimtume mtu.

Nekoye

* * *

Kambini, Ruiru
15 Desemba 1957

Kaka Erastus,

Nakusalimu, na uniwie radhi kwa ile barua fupi. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Kwa siku kadhaa ilikuwa ya Gathogo, kwamba yuko mahali anapumua. Halafu ikawa ya Dismas mwenyewe.

Mayi alifika. Alishuka stesheni na kikapu na lile shati, akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kumwambia. Aliponipa shati nilishike nikaliangalia shati badala ya kumwangalia yeye, naye akasema, "Basi nimejua. Nipeleke mahali penyewe."

Ulikuwa kazini, kwa hiyo nakusimulia. Opiyo alitungoja barabarani akatutangulia. Pale mtoni maji ni mengi bado, mtu lazima apaze sauti. Opiyo alipiga magoti akamweleza kwa Kiswahili, nami nikamgeuzia kwa lugha yetu. Alisikiliza bila machozi. Opiyo alipofika pale kwenye kamba, Mayi hakumlazimisha kuendelea. Alimuuliza neno moja tu.

"Asubuhi ile, alikuwa amekula?"

Opiyo akasema, "Tulikula viazi vitamu, mama. Vya jana yake. Yeye alikula vingi kuliko mimi."

Mayi akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo alivyokuwa," akasema.

Ndipo tukasikia sauti ng'ambo ikiita mama kwa Kikikuyu. "Maitu! Maitu!" Gathogo hana ruhusa ya kuvuka kuja Thika, hata kijijini kwake anatoka kwa kutafuta kuni tu. Alikuwa amesimama pale alipofikishwa siku ile, mzigo wa kuni chini. Mayi akaniambia nimwambie asimame sawasawa, avue kofia. Alimtazama kwa muda mrefu sana, Erastus, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyetolewa kuwa fidia ya mwanawe. Niliogopa atamlaani.

Akaniambia, "Muulize kama ana mke."

Nikapaza sauti. Akajibu, "Bado!"

"Mwambie aoe. Mwambie uhai huo asiukalie bure." Kisha akatema mate kuelekea kwake, juu ya maji, kama wazee wetu wanavyobariki. Gathogo alielewa. Alikaa chini juu ya kuni zake akalia, na sisi hatukuweza kumfikia.

Opiyo alikuwa amekuja na mpira, akampa Mayi uwe wake. Mayi hajui kusoma. Aliuzungusha, akauliza, "Lako liko wapi?" Opiyo akasema haliko. "Basi liandike. Mwanangu hakukufundisha ili uandike lake tu." Aliliandika pale pale, mpira umekaa gotini. Mayi akamrudishia, akasema haubebeki, mikono yake ina kitu kingine cha kubeba.

Kwa maana alikuwa amevunja tawi kwenye mti ulio karibu na maji. Alisimama ukingoni akaanza kumwita Dismas aje katika lile tawi. Alimwambia tumezika mgomba, asione vibaya, hatukujua. Alimwambia ana mtoto wa jina lake, anayemsumbua mama yake. Alimwambia njia ya nyumbani ni ndefu na yeye amekuja kumchukua. Aliongea mpaka jua likageuka. Kisha akalivika tawi lile shati jeupe, akaliweka kifuani, na tangu hapo hajaliweka chini. Analala nalo. Akila analisogezea sahani. Na mimi, kabla ya kuingia chumbani, napiga hodi.

Jambo ninalokuomba ni hili. Anataka kurudi kabla ya Krismasi na mimi siwezi kusafiri, joto la mtoto halijaisha. Najua una likizo, na ya kwenu si njia hiyo. Lakini nisingependa waende peke yao.

Umeona nilivyoandika. Waende.

Dada yako,
Nekoye

* * *

Kimilili
22 Desemba 1957

Dada yangu Nekoye,

Salamu kutoka nyumbani kwenu. Tumefika salama, na watu wote hapa wanakusalimu kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Baridi ya huku ni kali. Mtoto anaendeleaje? Mama anauliza kila saa, na nimemwahidi nitaliweka swali hilo juu kabisa.

Mazishi yalikuwa jana. Wale wazee walikuja, hata waliokuwa hawasemeshani naye. Hawakufukua mgomba. Walifungua udongo kidogo upande wa kichwani, mama akalaza tawi na shati lake, akafukia kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka jembe. Kisha akaingia ndani, na jioni akafunga mlango kwa komeo. Leo amelala mpaka jua kutoka, na dada zake wananiambia hajalala hivyo tangu walipouzika ule mgomba.

Sasa nikueleze safari.

Stesheni ya Ruiru aliomba tikiti mbili za Bungoma, nje ya ile yangu. Karani akamuuliza, "Ya pili ya nani?" Akasema, "Ya mwanangu." "Yuko wapi?"  Nikamwambia karani, "Bwana, kata tikiti." Akakata.

Nairobi watu walipanda kama unavyojua Krismasi ilivyo. Mama alikaa, akaliegemeza tawi kando yake karibu na dirisha, likachukua nafasi ya mtu. Mimi nikakaa benchi la mbele yao, magoti yanakaribia kugusana. Akaja fundi mawe mmoja, jitu kubwa na sanduku la vyombo. Akasema, "Mama, toa hilo tawi nikae."

"Kuna mtu," mama akasema. Kiswahili chake unakijua, ni kidogo, lakini hayo aliyasema vizuri.

Watu wakacheka. Mama akafungua kitambaa akaonyesha tikiti zote mbili. Yule fundi akazitazama, akatazama tawi, akaliona shati. Akavua kofia. Alisimama na sanduku lake mpaka Nakuru, na waliopanda njiani yeye ndiye aliyewaambia kwa sauti ya chini wasikae pale. Mkaguzi alipopita alitoboa tikiti zote mbili, hakuuliza kitu.

Mama aliongea naye njia nzima. Mimi si wa lugha yenu, sikuelewa hata neno. Nilisikia tu anavyosema, halafu ananyamaza kidogo, halafu anaitikia. Anacheka mara moja moja. Mara nyingine anakataa jambo, anatikisa kichwa, kana kwamba ameulizwa.

Dada, kuna kitu sijamwambia mtu, hata Benta sitamwambia. Wewe nakuambia kwa kuwa ni kaka yako. Unajua mimi ni mtu wa kanisa, na mambo ya namna hii nikiyasikia hukaa kimya. Asubuhi ya pili tulipita Eldoret, jua limeingia dirishani, mama amesinzia. Nikamkumbuka Dismas alivyokuwa mrefu, na jinsi katika lori la timu alivyokuwa akilalamika kwamba hana mahali pa kuweka miguu. Nikatazama ile nafasi kando ya dirisha.

Nikavuta miguu yangu nyuma, chini ya benchi, ili apate kunyoosha yake. Nilikaa hivyo mpaka Bungoma.

Kaka yako,
Erastus